Nyongeza

Bosi alisema: mpeleke hotelini, ale kuku kwa uma,
alale mapema, kesho mashine zinamngoja.
Lakini Bi Sachie, fundi wa cherehani kutoka Osaka,
miaka sitini na miwili, mkoba wa kitambaa begani,
alisimama mlangoni pa hoteli pale Ngara
akanusa.
Akanusa tena, kama mtu aliyesikia jina lake.
Akanyoosha kidole kule kwenye moshi.

Mimi Kijapani sijui hata salamu,
naye kwa lugha yetu ana maneno mawili: asante, na uzi.
Tukashuka.

Mahindi kwanza. Mama anayepepea jiko kwa kipande cha katoni
alimpakia ndimu na pilipili bila kumuuliza.
Bi Sachie akala mstari kwa mstari,
safu nyoofu kama mshono wa suruali ya sare,
na gunzi likabaki safi, ungedhani limeoshwa.
Langu mimi lilikuwa kama limepitiwa na panya wenye haraka.

Kisha yai. Kijana akalipasua, akalishindilia kachumbari,
akalilaza juu ya ukurasa wa daftari la mtoto wa mtu:
hesabu za kutoa, na mkasi wa wino mwekundu.
Bi Sachie alikula yai, akaikagua ile hesabu chini ya taa,
akatoa kalamu mkobani
akaisahihisha.

Kwa Gachanja, penye mutura, ndipo nilipoishiwa mikono.
Utaelezaje? Nilijishika tumbo,
nikachora utumbo hewani, mrefu, unaozunguka,
nikagusa mshipa wa mkono wangu. Damu, nikasema.
Akatazama mshipa. Akatazama ubao.
Akachukua kipande cha shilingi ishirini, akakichovya chumvi,
akafumba macho,
na mimi nikasubiri kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani.
Vidole viwili vikainuka.
Viwili tena!

Ndipo filimbi.
Kanjo! Neno hilo halihitaji mkalimani.
Majiko yaliinuliwa na moto wake,
ndoo ya mayai ikapaa, maji yake yakabaki barabarani yakifuka,
Gachanja akashika jiko, akasahau ubao,
na Bi Sachie akaubeba,
mutura juu yake, kisu juu ya mutura,
akakimbia.
Nilimfuata. Sisemi nilikuwa namlinda.
Sikutaka kuachwa.

Tukajibanza nyuma ya duka la vipuri lililofungwa.
Gari la kanjo likapita polepole, taa zake zikilamba ukuta.
Yeye kaukumbatia ubao kifuani
kama mtoto aliyesinzia kanisani.

Gachanja alitupata. Hakuwa akitutafuta sisi,
alikitafuta kisu; kilikuwa cha baba yake.
Bi Sachie akampa ubao kwa mikono miwili, akainama.
Mtu huyu anayejua kumkwepa askari, kumbembeleza mlevi,
kumkatalia mkopo jirani,
hakujua afanye nini na heshima ile.
Alifuta mikono kwenye aproni. Akainama pia, vibaya,
jiko likining'inia mkononi, cheche zikimwagika.

Halafu akakata kipande kirefu.
Nikatoa pochi, akanikaripia: Ebo! Hiyo ni nyongeza.
Mgeni akauliza kwa nyusi.
Nikamwonyesha: umelipa, umepewa, kisha hiki,
juu ya haki yako, bila hesabu.
Akafikiri huku akitafuna.
Omake, akasema.
Omake, omake, akigonga ubao kwa ukucha.

Gachanja akanigeukia:
Huyo Omake ni nani? Mkisii?

Tulicheka watatu, kila mmoja kwa sababu yake,
na hakuna aliyejua ya mwenzake.

Asubuhi kiwandani Bi Sachie alikuwa chini ya mashine namba saba,
bisibisi mdomoni, blauzi ile ile.
Bosi akaniuliza: alikula vizuri?
Kuku, nikasema.
Lile doa la mafuta kifuani pake
lilinitazama,
likanisitiri.